Na Kama Si Sheria?

Kemunto mwanangu,

Mambo ya oili, matairi na mahali pa kulala njiani baba yako amekueleza mpaka ukaanza kuziba masikio, kwa hivyo sitayarudia. Ya chakula pia nayaacha, maana utakula unachotaka nisipokuwepo. Ninaandika kwa sababu juma lililopita uliniuliza swali pale jikoni, mimi nikakujibu kwa kukuwekea chapati kwenye sahani, na kesho asubuhi unaanza safari ya Texas kwenda kuanza kazi yako ya unesi. Sitaki uondoke na chapati tu.

Nakuandikia kwa Kiswahili. Najua utasoma polepole na kunung'unika, kama ulivyonung'unika nilipokuwa nakulazimisha kusoma somo kanisani. Lakini Kiingereza changu ni cha kazini. Nikikitumia najisikia kama ninayempigia daktari simu kumweleza mgonjwa ameamkaje, na haya ninayotaka kukuambia hayasemeki kwa sauti ile. Soma polepole tu, hakuna anayekukimbiza.

Niko hapa kwenye ukumbi wetu wa harusi. Nimetoka zamu yangu kwa wale wazee ninaowatunza, nikapitia Coon Rapids kwa shughuli moja ndogo nitakayokuambia mwishoni, halafu nikaja huku Blaine kupanga viti vya Jumamosi. Miguu imevimba. Nimevua viatu, nimekaa peke yangu kwenye meza kuu kama bibi harusi aliyeachwa. Ni jioni, lakini unajua jua la Julai la huku lilivyo sugu, bado limejaa madirishani. Nimechoka, Kemunto. Huu si uchovu wa leo. Ni wa miaka mingi ya kukaa katikati ya watu, kila upande ukikuona wewe ni wa upande wa pili.

Swali lako naliandika hapa ili usidhani nimelisahau. Ulikuwa umesimama kwenye sinki, ukaniambia kwa Kiingereza, bila kunitazama, kwamba mtu utakayeishi naye maisha yako hatakuwa mwanamume, kwamba umelijua hilo tangu shule, na kwamba wewe ni kama Linda na Carol. Nikakuuliza, "Umekula?" Nikakuwekea chapati. Ukala nusu, ukaosha sahani, ukafika mlangoni, ukageuka. Halafu wewe, ambaye tangu darasa la nne nikikusemesha Kiswahili unanijibu Kiingereza, ukaniuliza kwa Kiswahili kilichonyooka: "Na kama si sheria, Mum?"

Ukaenda kulala. Mimi nikabaki na unga mikononi. Nilijua mara moja maneno hayo umeyatoa wapi, kwa sababu yalitoka kinywani mwangu.

Nikurudishe nyuma kidogo. Unakumbuka ukumbi huu ulivyokuwa kabla ya mabango? Jumamosi harusi, Jumapili kanisa letu. Wageni wakiondoka tunafagia mchele na maua ya karatasi, tunaondoa meza, tunageuza viti vitazame lile jukwaa alilojenga baba yako, na asubuhi Pasta anaingia kwa ufunguo wake mwenyewe. Funguo zilikuwa mbili tu, wangu na wake. Mtu wetu akifariki, watu walikusanyika hapa pia, wakalia, wakala, wakachanga ili mwili urudi nyumbani. Nilidhani ninaendesha biashara ya ukumbi. Kumbe nilikuwa nimepata kijiji ndani ya jengo lililokuwa duka la mazulia, na nilikipenda kijiji hicho kuliko nilivyokuwa tayari kukiri.

Kisha ukaja ule mwaka wa kura. Jimbo zima la Minnesota liliulizwa kama katiba iandikwe kwamba ndoa ni ya mwanamume na mwanamke tu. Pasta akaja na bango la kusema ndiyo, akalichomeka kwenye nyasi mbele ya ukumbi. Hakuniuliza, kwa kuwa hakuna anayeomba ruhusa nyumbani kwake. Nami sikumkataza. Nilijiambia ni bango tu, theluji ikianguka litakuwa limeondoka.

Halikungoja theluji kutuumiza. Ile kliniki iliyokuwa ikifanya sherehe yake ya mwisho wa mwaka hapa ikapiga simu. Unajua adabu ya watu wa Minnesota, wanakushukuru mara nyingi huku wanakufungia mlango. Wamepata mahali pengine, wananitakia kila la heri. Mwenye duka la maua hapo kando ya barabara, aliyekuwa akituletea maharusi, akaweka bango la kusema hapana kwenye dirisha lake, na salamu zake zikawa fupi. Hakuna aliyegombana nami. Huku watu hawagombani, wanaacha tu kupiga simu.

Asubuhi moja nikaling'oa. Jumapili akina mama wakauliza bango limekwenda wapi, nikasema upepo. Pasta akaleta lingine. Upepo ukaling'oa hilo nalo. Ulicheka ukasema upepo wa Blaine una mikono, nami nikakukaripia, lakini moyoni nilicheka pia.

Siku ya kura nilifika kwenye swali lile nikaliacha wazi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupiga kura katika nchi hii. Niliona hapo nimepata ujanja: kanisani siwezi kulaumiwa, dukani siwezi kulaumiwa. Baadaye mwenzangu wa kazini, yule Mkenya wa Apple Valley anayejua habari za kila mtu, akanicheka mpaka akashika ukuta. "Wewe nawe! Huku uki-leave blank kwa hiyo ya katiba, wana-count kama no. Umekataa, dada yangu!" Kumbe ndivyo jimbo hili linavyohesabu. Nilikimbia kuchagua, na nikawa nimechagua. Baba yako hajui jambo hilo mpaka leo. Sasa wewe unalijua.

Pendekezo lile lilianguka, na mwaka uliofuata wabunge wakapitisha sheria ya kuwaruhusu watu wa jinsia moja wafunge ndoa. Ikaanza kutumika mwezi wa nane. Na kabla majani hayajabadilika rangi, Linda na Carol wakaingia kwa mlango huu.

Hapo najua utacheka, cheka tu. Kwetu harusi haiji na watu wawili. Huja na kamati. Bibi harusi anatangulia na msimamizi wake kuangalia mahali, na upande wa bwana harusi unakuja baadaye na wajomba ambao hakuna kinachowapendeza. Kwa hivyo nilipowaona wanawake wawili wa makamo, mmoja anauliza habari za vitambaa na mwingine anapima jukwaa kwa hatua, nilijua mambo yote. Linda ni bibi harusi, amechelewa kidogo lakini Mungu ni mwema, na Carol ni msimamizi. Nikawapikia chai ya maziwa. Walipokuja tena nikawaahidi nitahifadhi nafasi za magari ya msafara wa bwana harusi. Walipokuja kuonja chakula nikashindwa kuvumilia. Nikawaambia huyu bwana harusi lazima awe mtu mkubwa sana, maana hata kuonja pilau yake mwenyewe hana nafasi.

Wakatazamana. Wewe ulikuwa umeshika sinia ya sambusa, na ulikuwa umejua tangu siku ya kwanza, mtoto mbaya wewe, ukaniacha niendelee. Carol akasema taratibu kwamba hakuna bwana harusi. Ni wao wawili, wako pamoja tangu kabla hujazaliwa. Walidhani nimeelewa, na kama kuna shida wao wataondoka bila neno. Akisema hivyo mkono wake ulikuwa tayari umeshika mkoba. Niliuona mkono ule. Mtu ambaye hajawahi kufukuzwa hashiki mkoba haraka namna ile.

Nikawaambia waketi, chai inapoa. Usidhani ulikuwa ujasiri. Sikuwa na neno lingine kinywani, kama vile juma lililopita sikuwa na lingine ila umekula.

Walipoondoka nikampigia simu yule bwana aliyetusaidia kupata leseni. Akaniambia jambo hilo liko wazi. Kanisa lina uhuru wa kuchagua litamfungisha nani ndoa, lakini mimi si kanisa, mimi ni mwenye ukumbi, na ukumbi uliofunguliwa kwa umma ni wa umma wote. Akaongeza kwamba sheria hiyo ya kutomkataa mteja kwa ajili ya anayempenda ilikuwapo jimboni kabla sisi hatujashuka kwenye ndege. Kemunto, nilipumua. Sikuwa nimetaka kuwafungulia, wala sikuwa nimetaka kuwafungia. Nilichotaka ni mtu aniamulie, na serikali ikaniamulia.

Na walikuwa wateja wasumbufu, usinidanganye kwamba umesahau. Linda alilalamika pilau ina moto, Carol alibadilisha rangi ya vitambaa mpaka wewe ukaficha simu yangu, na watoto wa ndugu zao walipaka keki kwenye mapazia. Walikuwa kama harusi nyingine yoyote. Kuna jambo moja tu lililonibaki. Mama yake Carol, yule bibi wa kiti cha magurudumu, alinishika mkono akaniambia alichelewa sana kufika. Nikamwambia pole, barabara ya huku Jumamosi ina foleni. Akanitazama, akanipigapiga mkono kama mtoto. Nimemwelewa juma hili.

Halafu wakaja Pasta na wazee wawili wa kanisa. Walikuja kama watu wetu wanavyokuja, wakauliza habari za mama yangu kule Kisii, wakauliza kama paa litabeba theluji, wakanywa kikombe cha kwanza chote bila kugusa walichojia. Wewe ulikuwa nyuma ya kile kiambaza cha mbao, unapiga pasi vitambaa vya meza. Kwenye kikombe cha pili Pasta akasema, "Mama Kemunto, hatujakuja kugombana. Tunataka tu kujua. Hiyo harusi tumesikia, ni ukweli?"

"Ni ukweli, Pasta."

"Na ingine ikikuja?"

"Mimi niko na leseni. Siwezi kataa mtu."

"Hatuulizi leseni," akasema, na hakusema kwa ukali. "Tunauliza wewe."

Lilikuwa swali zuri. Sijawahi kuulizwa swali zuri kuliko hilo katika biashara hii yote. Nami nikatazama zile nyuso tatu, nikaona Jumapili zangu zote, akina mama wa jikoni, vilio vyetu na nyimbo zetu, nikaogopa. Nikasema, "Kama si sheria, Pasta, hao singewafungulia mlango."

Nikasikia pasi imenyamaza. Haikusikika tena mpaka wageni walipotoka. Ulikuwa na miaka kumi na sita.

Sitaki umchukie Pasta. Ulipolazwa na nimonia yeye ndiye aliyekesha nasi hospitali, baba yako akiwa kazini. Aliamini anachokiamini na akakisema mbele yangu. Mimi ndiye niliyejibu kwa mdomo wa serikali. Na ona, jibu lenyewe halikusaidia kitu. Kabla ya Krismasi walihamia kwenye ukumbi wa shule moja. Pasta aliweka ufunguo wake juu ya meza hii ninayoandikia, polepole, kama anayeogopa kuiamsha. Nikautundika kwenye msumari jikoni. Nilisema maneno yale ili wabaki, hawakubaki, na wewe ndiye uliyebaki nayo.

Miaka iliyofuata uliiona. Jumapili nilikuja hapa nikakaa bila kazi, nikisikiliza friji. Misiba ya watu wetu nilianza kuisoma kwenye simu kama mgeni. Kliniki ilirudi, mwenye maua naye akarudi na salamu zake ndefu, wakaja na maharusi wa kila namna. Ukumbi haukufa, lakini haukunenepa pia. Nilisikia watu wa huku wakisema kwa furaha kwamba sheria imeleta biashara, na watu wetu wakisema kwa hasira kwamba nimeuza imani kwa biashara. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa hapa Jumapili nikisikiliza friji.

Wetu wamerudi kidogo kidogo, kwa mlango wa pembeni. Mama Obed, tuliyekuwa tukisukuma chapati pamoja, alikuja mwaka juzi kwa ajili ya harusi ya binti yake. Alisimama hapo katikati na koti lake la baridi, hakulifungua. "Kwani bado mnafanya zile harusi?"

"Tunafanya harusi."

Akahesabu meza kwa macho. "Na ile Saturday ya pili ya September, iko free?"

Ilikuwa wazi. Tukakumbatiana, akalia, nikalia, hatukuzungumza neno lingine juu ya jambo hilo. Hivyo ndivyo tulivyopatana, na bado sijui kama tumepatana au tumechoka tu.

Sasa unakwenda Texas. Nimeuliza, maana siku hizi naulizia sheria kama watu wengine wanavyoulizia hali ya hewa. Ndoa kule ni halali kama huku, lakini sheria ya jimbo haimlazimishi mwenye ukumbi kumfungulia kila anayebisha. Mwenye ukumbi wa kule anaweza kufanya vile moyo wake unavyomtuma. Ndiyo maana siku hizi usingizi wangu ni wa mang'amung'amu. Sihitaji kumwazia mtu huyo, namjua. Anakupikia chai, anakuuliza habari za mama yako, si mtu mbaya, na anaweza kukuacha nje.

Ninachokuomba ni kimoja. Ukifika mahali ukaona uso wa mtu umebadilika, usishike mkoba haraka. Keti. Mwache aseme mwenyewe kwa mdomo wake anachotaka kusema, asisaidiwe na mkoba wako. Na kama ni mtu aliyechoka kama mimi, anayetafuta maneno na hayapati, mvumilie kwa kikombe kimoja. Miaka sita usimpe. Mimi nimekula miaka yako sita na sina namna ya kuirudisha.

Sitakudanganya kwamba nimemaliza. Bado naomba, na kuna siku sijui naomba nini hasa. Nilikuwa na harusi yako kichwani tangu ulipozaliwa, hata nyimbo nilikwisha kuzichagua, na juma hili nimekuwa nikiitoa kichwani kipande kwa kipande, na inauma. Siku moja nitakosea mbele ya mtu wako, nitauliza habari za bwana harusi kwa mazoea tu. Unicheke, kisha unisahihishe. Baba yako sijamwambia. Hilo ni lako la kusema, kwa siku yako. Ila ninavyomjua, ataanza kwa kuuliza kama huyo binti anajua kukagua oili.

Jibu lako basi. Kama si sheria, wale wanawake wawili ningewafukuza, Kemunto, na usiku ule ningelala vizuri. Nimeligeuza kila upande na halibadiliki. Jimbo lilinishika mkono likafungua mlango, na mimi nikasimama pale nikipokea shukrani za Carol kana kwamba mkono ulikuwa wangu. Ulipouliza swali lako hukuwa unauliza habari za Linda na Carol. Uliuliza kama siku utakayokuja na mtu wako nitakupokea kama mtoto au kama mteja.

Ile shughuli ya Coon Rapids ilikuwa kwa fundi wa funguo. Ule wa Pasta bado uko kwenye msumari, sikutaka kukupa kitu kilichorudishwa. Huu ulio ndani ya bahasha nimekuchongea leo, ni wa mlango wa mbele, na nimeujaribu mara mbili, unaingia vizuri. Uje Jumamosi yoyote, na mtu yeyote, hata kama nimelala, hata kama nimekasirika. Serikali inanitaka niwafungulie wateja. Ufunguo huu haikunituma kuuchonga.

Ni mimi ninayeitwa kwa jina lako,

Mama Kemunto